Mkwe Wangu, Godoro na Kimbunga cha Dallas

Kwetu Tanga, mkwe ni mkwe. Mama mkwe akiwa sebuleni unapita umeinamisha kichwa, unasalimia, unaendelea na safari yako. Kumkuta amejilaza bafuni na godoro juu yake ni jambo ambalo wazee walionipa nasaha za ndoa hawakuligusa kabisa.

Ilikuwa Aprili hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, theluji bado inadondoka kama vile hakuna aliyeiambia kwamba zamu yake imekwisha. Nimetoka kazini saa kumi na moja jioni, nafungua mlango, nyumba kimya. Chai iko mezani inatoa mvuke. Viatu vya watoto vipo, watoto hawapo. Kitanda chao kimebaki mbao tupu. Halafu nikasikia Ayatul Kursiy inasomwa kwa kasi kutoka bafuni.

Nikasukuma mlango. Ndani ya lile beseni refu la kuogea alikuwamo mama mkwe, binti yangu, mdogo wake, tochi, chupa ya maji, na pasipoti ya mama ndani ya mfuko wa nailoni. Yule mdogo alikuwa amevalishwa sufuria ya wali kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia upesi, kimbunga!"

"Niingie wapi, mama?"

"Humu!"

Ndugu msomaji, kuna amri mbili hapo. Moja ya mwalimu mstaafu aliyezoea darasa zima kusimama akikohoa tu. Nyingine ya mila, inayosema mtu na mkwewe hawakai beseni moja, hata dunia ikipinduka. Nikachagua njia ya kati: nikalala sakafuni pembeni ya choo, uso nimeugeuzia ukutani.

"Mama," nikasema nikiwa pale chini, "nje kuna theluji tu."

"Ndivyo kinavyoanza."

Huwezi kumlaumu. Tangu Kimbunga Hidaya kilipotishia pwani yetu Mei 2024, mama hafanyi mzaha na taarifa za hali ya hewa. Na TV ilikuwa imekatiza tamthilia yake kabisa, ving'ora vinalia, mtangazaji amekunja mikono ya shati, anasema watu waingie chumba cha ndani kisicho na dirisha, wakae kwenye beseni la kuogea, wajifunike godoro. Mama kamuuliza mjukuu: hii ni chaneli ya wapi? Mtoto kajibu: ya hapa hapa, Bibi. Mama kafuata maelekezo neno kwa neno. Sufuria ndiyo nyongeza yake.

Nilipokwenda sebuleni kutazama ile ramani nyekundu, nikaona majina: Denton, Tarrant, Dallas. Hiyo ni Texas, kama kilomita 1,400 kutoka kwenye beseni letu. Hapo nikaelewa kwa nini siku zile mama alikuwa akiwasema majirani: TV inatangaza digrii 81 za Fahrenheit, yaani kama 27 za Selsiasi, wao wanajifungia makoti!

Nchi hii imekatwa na kampuni ya Nielsen vipande 210 vya soko la televisheni, na kila kipande kina vituo vyake vya habari. Huduma ya TV ya mtandaoni, kama hii yetu, inakupa vituo vya kipande inachodhani umekaa. Nikapiga simu huduma kwa wateja.

"Bwana, umesafiri?"

"Sijasafiri."

"Una uhakika? Kompyuta inaonyesha uko Dallas."

Nikatazama dirishani, theluji. Nikamwambia nina uhakika wa kutosha.

Dada yule hakuwa mbaya, alinielekeza. Kwenye mipangilio ya TV kuna sehemu ya eneo, yenye mistari miwili: nyumbani, na mahali ulipo sasa. Nyumbani palisoma Minneapolis vizuri kabisa, kwa hiyo nisipaguse, maana kupabadilisha unaruhusiwa mara chache tu kwa mwaka. Ugonjwa ulikuwa mstari wa pili. Unabonyeza kusasisha, TV inakupa anwani ya ukurasa, unaifungua kwa simu, simu inathibitisha uko wapi kwa GPS.

Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Mama akanipa yake. Nikafungua ukurasa: huduma hii haipatikani katika nchi uliyopo. Kumbe simu ya mama ina VPN, programu inayoifanya simu ionekane iko nchi nyingine; aliwekewa na mpwa wake wakati wa uchaguzi wa 2020 mitandao ilipobanwa nyumbani, na haijazimwa tangu hapo. Kwa dakika kadhaa mimi nilikuwa Minneapolis, TV yangu Dallas, na simu ya mkwe wangu Uholanzi.

Nikazima VPN, nikairuhusu simu kutumia eneo, nikabonyeza tena. Kufumba na kufumbua, yule bwana wa mikono iliyokunjwa akatoweka, akaja mama mmoja mtulivu anazungumzia chumvi ya barabarani.

Ilibaki kumweleza mama. Nikamwambia intaneti yetu ni ya kisanduku cha 5G, haina waya, na kampuni inawapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya pamoja, ambayo inaweza kuwa imeandikishwa mji mwingine kabisa. TV inasoma anwani, haikuoni wewe.

Mama akafikiri. "Kama S.L.P. ya shule yetu. Nusu ya mtaa walipokelea barua pale. Ukiamini bahasha, utadhani wote wanalala ofisini kwa mwalimu mkuu."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kuchora mchoro.

Godoro likarudi kitandani, sufuria ikapikiwa wali. Kisha ikafika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Sasa, Minnesota ving'ora vya tahadhari hujaribiwa siku hiyo, saa saba mchana, kila mwezi. Mke wangu alikuwa kazini, mimi nimelala, hakuna aliyekumbuka kumwambia mama. Mtaa mzima ukalia. Nikaruka kitandani, nikakimbilia bafuni kumtoa mama kwenye beseni.

Beseni tupu. Mama alikuwa jikoni anageuza vitumbua.

"Mama, hujasikia?"

"Nimesikia, baba. Rudi ukalale. Hicho ni cha Dallas."