Jua la Ngamiani haliuzwi kwa kichupa

Jana nimenunua tena vidonge vya vitamini D hapa Glasgow, Uskoti. Nikasimama kituoni kusubiri basi, kichupa mkononi, saa kumi haijafika na taa za barabarani zimeshawaka. Roho iliniuma. Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, niliyekuwa nikigombezwa nisizurure juani, leo jua nalinunua dukani!

Huku Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua liko chini mno, ngozi haipati miale ya kutengenezea vitamini hiyo. Serikali inashauri maikrogramu 10 kwa siku majira hayo, na sisi weusi tufikirie mwaka mzima. Waafrika wenzangu nikiwaambia, hunijibu mtu mweusi hana haja ya dawa za Wazungu. Jamani, weusi huo huo unaotukinga na jua Tanga ndio unaotunyima miale huku! Mwaka wangu wa pili nilipanda ngazi kwa kushika ukuta, mapaja mazito, nikidhani ni uchovu wa zamu za usiku. Damu ilipopimwa vitamini D ikaonyesha nanomoli 19 kwa lita, na chini ya 25 ni upungufu.

Sasa shangazi anataka nimpelekee vichupa vitatu. Kasikia vinazuia kansa na maradhi ya moyo. Nikamweleza: shangazi, Marekani walijaribu kwa watu zaidi ya 25,000, miaka mitano na ushee, majibu yakatoka 2018. Waliomeza waliugua kansa na moyo sawa na wasiomeza. Na Wamasai na Wahadzabe wa kwetu walipopimwa, wastani wao ulikuwa 115, kidonge hawakijui.

Akakata simu. Nasikia maneno yameshafika hadi barabara ya ishirini: kaenda Ulaya kawa mchoyo, anajifanya daktari.

Uchoyo gani? Vikizidi mwilini vinapandisha kalsiamu na kuharibu figo. Bibi asiyetoka ndani, au mtoto anayeanza matege, huyo apelekwe hospitali, na akiandikiwa vidonge nitanunua mimi. Lakini shangazi kila asubuhi yuko uani anageuza dagaa kwenye jamvi, mikono wazi hadi viwikoni! Kama hofu yake ni moyo, nimeshamtumia pesa akapime presha na sukari.

Shangazi, shikamoo. Nakuja Desemba. Nitakaa hapo uani nikusaidie kugeuza dagaa, na safari hii usinifukuze juani.