Hakikisha Zinafanana

Kwa wiki mbili nzima mama yangu, aliyeko Tanga, aliamini kwamba mwanawe kaenda Texas kukaa na fataki.

Kosa lilikuwa langu. Alinipigia usiku wa siku yangu ya kwanza kazini, akauliza nimeshindaje. Nikamjibu kwa furaha ya mtu aliyepata kazi ya ufundi baada ya miezi minane ya kubeba maboksi: "Nimeshinda na fataki, Mama. Wako mia moja kwenye kopo moja."

Kimya.

Kwenye kamusi fataki ni kile kikofia cha shaba, kidogo kuliko punje ya hindi, kinachovikwa nyuma ya bunduki za kizamani. Nyundo ikikigonga kinatoa cheche, baruti inawaka. Lakini tangu lile tangazo la redioni, kwa Mtanzania yeyote fataki ni libaba lenye gari na chipsi kuku, linalonyemelea watoto wa shule. Na mimi, kwa kiherehere, nilikuwa nimesema "wako" badala ya "ziko".

"Sasa hao mia," Mama akauliza taratibu, "kwenye kopo wanakaaje?"

Nikamweleza kwamba kazi ya karakana yetu ndiyo hiyo hasa, kuzifanya bastola ziachane na fataki kabisa.

"Alhamdulillah," akasema. "Hapo sawa. Hiyo kazi ina thawabu."

Sikumsahihisha. Simu ilikuwa inakula salio.

Karakana yenyewe iko mji mdogo, mwendo wa saa moja hivi kutoka Dallas. Mwenyewe ni mzee wa Kimarekani ambaye nilimfundisha kuitikia jina la "Mzee", akalipenda. Kunichukua alinichukua kwa sababu najua kukereza na najua tupa. Bunduki sikuwa najua lolote, na hilo ndilo lililoniponza.

Kila asubuhi Mzee alinimiminia kahawa nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe, kisha darsa linaanza. Rivolva za zamani, yaani bastola za silinda inayozunguka, akasema, unazijaza kwa mbele. Kila tundu la silinda linataka baruti yake, risasi yake, ushindilie, halafu nyuma uvike fataki. Unarudia mara sita, na adui wakati huo anakusubiri kwa adabu. Nikamwambia kwetu hilo ni gobori, ila hili lina vyumba sita. Akalipenda hilo pia.

Baadaye zikaja risasi zenye ganda la shaba, ambamo baruti, risasi na kiwashio vimo pamoja. Unaingiza kwa nyuma, umemaliza. Tatizo ni kwamba silinda iliyotobolewa mwanzo hadi mwisho ilikuwa na mwenyewe. Rollin White alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, 1855, akawapa watengeneza bastola Smith & Wesson waitumie kwa senti 25 kila bastola, na kwenye mkataba akakubali kwamba kesi za wezi wa wazo lake atazigharamia yeye. Huyo ndiye mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi alikuwa wake mwenyewe! Kampuni ya Colt ikabaki nje inachungulia mpaka hataza ilipokwisha 1869.

Ilipokwisha, Colt walikuwa na vipuri vya kizamani tele, na hakuna aliyetaka kuvitupa. Ndipo Charles Richards, kwa hataza ya 1871, na William Mason baada yake wakaonyesha namna ya kugeuza bastola zile zile za fataki zitumie risasi za ganda. Nyuma ya silinda ikapunguzwa, ikawekwa sahani ya chuma yenye kimlango pembeni, na ule mtaimbo wa kushindilia ukaondolewa, ikakaa fimbo ya kutolea maganda. Ni sawa na fundi cherehani kupewa kanzu ya marehemu aikate imwenee mjukuu. Zilikuja kupitwa mara tu Colt ilipotoa bastola yake mpya ya 1873, na pengine ndiyo maana wapenzi wake wanazililia hivi.

Basi Mzee anachukua nakala mpya zinazotengenezwa Italia, kwenye mji wa Gardone Val Trompia, anazigeuza kama Richards na Mason walivyogeuza, mpaka skrubu. Akiona skrubu ya kisasa anashika kifua. Na kazi ikishakamilika, chuma kinawaka, kila kitu kimekaa mahali pake, anaanza kuizeesha. Ule weusi wa kiwandani anaufifisha, kona anazilainisha, shaba anaichujusha mpaka ionekane imekaa kiunoni kwa mtu miaka 150.

Hapo ndipo akili yangu iligoma. Mimi nimelelewa na bibi ambaye kila mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikikaribia, alitoa masinia na madele yote ya shaba nje, akatugawia ndimu na majivu ya makumbi, na mtoto hali chakula mpaka bibi ajione uso kwenye sinia. Leo nimeajiriwa na mtu anayelipwa, tena vizuri, kuchakaza kitu kipya.

Ijumaa ya wiki ya pili Mzee alikuwa na miadi ya meno. Mezani juu ya kitambaa alilaza rivolva mbili, za aina ile ile, Colt Navy ya 1851 iliyogeuzwa. Moja ilikuwa ya Italia, mpya, imemalizwa juzi. Ya pili ilikuwa kuukuu, chuma kimegeuka rangi ya kahawia, na shaba ya mpini imekufa kabisa, na kwenye mikunjo ya kile kikuku kinachokinga triga kulikuwa na uchafu mweusi umegandamana. Mzee akavaa kofia, akazinyooshea kidole zote mbili.

"Nikirudi," akasema, "hakikisha zinafanana."

Akaondoka.

Nakuomba wewe msomaji unihukumu kwa haki. Umepewa sufuria mbili, moja inang'aa na moja nyeusi ti. Umeambiwa zifanane. Nani aliyezaliwa na mwanamke atachukua masizi akaipake ile inayong'aa?

Ndimu nilikuwa nazo, za kwenye chai yangu. Majivu nikayachota kwenye jiko la kuni la karakana, nikayachekecha kwa chujio la kahawa la Mzee. Nikakunja mikono. Shaba ilianza kuitika dakika ya tatu tu, manjano ya dhahabu, nikasikia kama bibi yuko nyuma yangu anasema "haya, na huko kwenye kona." Kwenye kona ndiko kulikokuwa na ule weusi. Mgumu! Nikaongeza ndimu. Nikatafuta mswaki wa zamani. Nikauchokoa kwa kijiti cha kuchokolea meno kilichofungwa pamba, taratibu, kona baada ya kona, mpaka hakikubaki hata chembe. Nilijivunia hasa ile sehemu ya chini ya mpini, mahali ambapo mtu mvivu asingefika.

Kisha nikahamia kwenye silinda, na hapo Mungu alinihurumia. Nilipopitisha kitambaa mara moja nikaona kama mlingoti, halafu tanga. Mtoto wa Tanga hawezi kuona tanga akaendelea kusugua. Nikainamia taa: meli, kundi zima, zimechorwa kwenye chuma kuzunguka silinda, zimefifia, na maandishi madogo ya tarehe 16 Mei 1843. Ndiyo siku wanamaji wa Texas walipopigana na wa Meksiko kule Campeche, na Colt waliichonga picha hiyo kwenye bastola hizi. Nikazionea huruma zile meli, nikaziacha. Nikakaa nikasubiri sifa.

Mzee alirudi nusu ya mdomo imekufa ganzi. Akatazama meza. Akazitazama bastola mbili zinazong'aa kama mapacha siku ya arobaini. Akataka kusema neno, mdomo ukakataa, akatoa sauti moja tu: "Ffff."

Nikamwambia, "Zinafanana."

Akavuta kiti. Ganzi ilichukua saa nzima kuisha, na kwa saa hiyo nzima alinieleza kwa kalamu, kwenye mgongo wa bahasha. Ile kuukuu haikuwa nakala. Ilikuwa Colt halisi, iliyogeuzwa kiwandani miaka ya 1870, mali ya rafiki yake aliyemwazima kama kielelezo, ili ile mpya izeeshwe ifanane nayo. Colt Navy nyingi zilitoka kiwandani shaba yake imepakwa fedha. Fedha hiyo huchakaa kwa kushikwashikwa, ikabaki kwenye mikunjo tu, na fedha ikikaa inageuka nyeusi. Mtu akinunua bastola kama hii, kitu cha kwanza anachokitafuta kwa kioo cha kukuzia ni ule weusi wa kwenye kona.

Akapigia mstari neno "fedha". Akapiga wa pili. Penseli ingekatika, ila ilikuwa kalamu.

Nikatazama pamba zangu kwenye pipa la taka. Nilikuwa nimesugua miaka 140 na zaidi kwa ndimu mbili.

Mwenyewe alikuja Jumamosi, mstaafu mrefu mwenye masharubu. Alipoiona alivua kofia kama mtu aliyefika msibani. Akaigeuza, akakiangalia kile kikuku, akaangalia chini ya mpini mahali pangu pa fahari. Nikaona tonge la koo linapanda na kushuka. Mwisho akauliza nimetumia dawa gani. Nikamwambia ndimu na majivu. Akarudia kwa sauti ndogo, "Ndimu na majivu," kama mtu anayesoma cheti cha kifo.

Nikajitolea kuizeesha upya, si ndiyo kazi yetu? Wote wawili wakanirukia kwa pamoja. Nakala unaizeesha, hiyo ni sanaa. Ya asili ukiizeesha, huo ni ughushi. Fedha imekwenda na hairudi. Shaba peke yake ndiyo inaweza kurudi, na dawa yake ni moja: jasho la mkono wa mtu, polepole, miaka.

Wakatazamana. Wakanitazama mikono.

Basi huu ni mwezi wa kumi na mmoja tangu siku ile. Kila Jumamosi mstaafu anakuja nayo, tunaikagua sote watatu kwamba silinda ni tupu, kisha nakabidhiwa. Naishika saa mbili kamili. Hairuhusiwi kunawa mikono kabla. Wao wanakunywa ile kahawa yao na kubishana habari za Richards na Mason, mimi nimekaa pembeni kama ninayetamia yai. Wiki iliyopita Mzee aliileta dirishani akasema imeanza kupata rangi, kitu kama chai ya maziwa iliyozidi maziwa.

Mama huwa anapiga saa hizo hizo.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nimeshika bastola, Mama."

"Unamshikia nani?"

"Simshikii mtu. Nimeishika tu, ipate jasho."

Akanyamaza kidogo. "Na saa hizo mbili wanakulipa shilingi ngapi?"

"Silipwi, Mama. Nakatwa."

Nikamsikia akivuta pumzi, na nyuma yake vyombo vikigongana jikoni.

"Rudi nyumbani, baba," akasema. "Masinia yapo."