Ukuta wa darasa nao ufundishe

Tangu elimu ya msingi katika shule za serikali ifanywe ya bure mwaka 2019, madarasa mengi ya Lubumbashi, huku kwetu Kongo, yamefurika watoto. Nafurahi kuwaona. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi mwenye kitabu ni mwalimu peke yake, naye anakinakili ubaoni mpaka chaki inamwishia mkononi. Kuta zipo, pana, na hazina kitu.

Kwa hiyo nikisikia wazazi au wafadhili wanataka kuchora shule, naunga mkono kwa moyo wote. Ila wachore nini? Nimeona katuni za wanyama, maua, na jina la mfadhili kwa herufi kubwa kuliko za alfabeti. Siku ya uzinduzi inapendeza. Kesho yake mwalimu wa darasa la tatu ataitumia katika somo gani?

Chora rula ya mita mbili kwenye nguzo ya baraza, kila sentimita na mstari wake, kila kumi kwa rangi nyingine. Wakati wa mapumziko watoto watasukumana kujipima: mmoja anasimama wima, wa pili anamwekea kiganja kichwani, wa tatu anasoma kwa sauti, "Mita moja na sentimita ishirini na mbili!" Nchini India kuna shule zilizochora pembe sakafuni chini ya mlango, mlango ukifunguliwa, mtoto anaiona digrii 30, 60, 90.

Kwetu ningeanza na ramani ya majimbo 26 ya nchi yetu, na mto Lualaba ndani yake kwa buluu nzito, kuanzia huku kwetu Katanga, uitwe Kongo, uvuke ikweta mara mbili, uingie baharini pale Banana. Mtoto wa mtaa wa Katuba aufuate kwa kidole. Kisha madini yetu, kwa alama na namba zake katika jedwali la elementi: shaba, Cu, namba 29. Kobalti, Co, namba 27. Malori ya madini haya yanapita mbele yao kila siku.

Na maandishi yawe ya Kiswahili kwanza, Kifaransa chini yake. Sheria ya elimu ya 2014 inataka watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya taifa au ya mazingira yao. Ukuta nao ni mwalimu.

Ukuta wa ubao uachwe mtupu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walilinganisha watoto wa chekechea katika darasa lililojaa mapambo na katika darasa lisilo nayo. Penye mapambo watoto walikodoa macho pembeni zaidi, wakajifunza kidogo. Michoro mingi basi iende barazani na kwenye kuta za nje.

Wachoraji hatuna haja ya kuwatafuta mbali. Huu ni mji wa Pilipili, Bela na Mwenze, waliochora katika Hangar, karakana ya wachoraji iliyoanzishwa 1946, na wa Tshibumba aliyechora historia ya nchi nzima miaka ya 1970. Akina mama wa kijiji cha Makwacha hupaka nyumba zao upya kila kiangazi kwa udongo wa rangi waliouchimba wenyewe. Waalikwe hao, walipwe, wale bukari, yaani ugali, pamoja na walimu.

Rangi ichunguzwe kabla ya kununuliwa. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Umoja wa Mataifa unashauri yasizidi sehemu 90 kwa milioni. Watoto wa mji ulioyeyusha shaba tangu 1911 tusiwaongezee sumu nyingine.

Likizo kubwa inaangukia kiangazi, Julai na Agosti, mvua hakuna na rangi inakauka vizuri. Mkuu wa shule awaite walimu wake mapema, mwezi wa tano, kila mmoja ataje somo linalomshinda kulieleza kwa maneno matupu. Mchoraji aanze na hayo.