Fei Toto hakukimbia, msitutie maneno

Mwandishi unaposema Fei Toto, yule kiungo Feisal Salum, aliikimbia klabu yake ya Yanga mi nakataa, na mi ni Yanga damu toka niko mdogo hapa Mtwara. Jamaa Desemba 2022 aliweka milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, mia ya kuvunja mkataba na kumi na mbili mshahara wa miezi mitatu, sasa mtu anaekimbia anaacha hela? Yanga wakazirudisha, kamati ya TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, Januari 2023 ikasema bado ni mchezaji halali wa Yanga, sawa, kisheria nakubali huwezi kuvunja upande mmoja tu ukaondoka. Ila kumtukana yeye na mamaake kwa sababu ya karatasi aisee iliniuma sana. Huku kijiweni watu walinuniana, wa Simba wanashangilia, wa kwetu wanamwita msaliti, hata mkataba wenyewe hakuna alieuona.

Sisi watu wa korosho tunaijua kangomba, unauza mzigo bado uko mtini kwa vile una shida ya hela, msimu ukifika bei imepanda unabaki kushika kichwa. Vijana wanasaini hivyohivyo jamani, wakili hana, kifungu cha kuondoka hakijui, anaangalia pesa ya kusaini tu. Mpaka Rais Samia akaongea Juni 2023 ndo mambo ya Fei na Yanga yakaisha, Fei akaenda klabu ya Azam. Madogo wetu wanaocheza uwanja wa Nangwanda hapa Mtwara wafundishwe kusoma mkataba kabla hawajashika kalamu, viongozi wa mpira mkoani mnanisikia?