Ule moto juu ya bomba

Wiki iliyopita nilitembezwa kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Harufu niliizoea mapema. Kilichonikera ni bomba refu nyuma ya matangi ya tope, moto unawaka juu yake mchana kweupe. Nikauliza ni wa nini. Nikajibiwa, "Tunachoma gesi ya ziada."

Ziada! Hatua chache kutoka hapo mashine za kupuliza hewa kwenye mabwawa zilikuwa zinanguruma kwa umeme wa kununua. Hewa hiyo peke yake mara nyingi hula karibu nusu ya umeme wote wa mtambo. Na gesi inayoungua pale juu, kama asilimia 60 yake ni methani, ile ile inayoweza kuendesha jenereta. Tope limekwisha kukaa wiki mbili tatu ndani ya tangi, kwenye joto la nyuzi 35 au zaidi kidogo, bakteria wamefanya kazi yote ngumu ya kuligeuza gesi, halafu sisi tunawasha kiberiti. Hata joto la injini lisingepotea, maana tangi lenyewe linahitaji kupashwa moto, na siku ile lilikuwa linapashwa kwa dizeli. Dizeli, jamani!

Wala si jambo geni. Mwaka 1895 kule Exeter, Uingereza, gesi ya majitaka iliwasha taa za barabarani. Mtambo wa Strass, Austria, unajitosheleza kwa nishati tangu 2005. Wa Oakland, Marekani, ulichanganya tope na mafuta na mabaki ya vyakula, na kufikia 2012 ukawa unazalisha umeme mwingi kuliko unaoutumia.

Najua gesi ghafi ina haidrojeni salfaidi inayotafuna injini, na kuisafisha ni gharama. Najua mtambo mdogo sana huenda usirudishe fedha yake. Nakubali pia kwamba ni heri kuichoma kuliko kuiachia, kwa kuwa methani hupasha dunia joto kama mara 28 ya kabonidayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Lakini mtambo niliouona si mdogo.

Wakati wa kuondoka, fundi alinionyesha jukwaa la zege kando ya matangi. Ni msingi wa jenereta ya gesi, upo tangu mtambo ulipojengwa. Boliti zimeota kutu, na juu yake wamepanga madumu ya dizeli.