Gemu za Familia, Familia ya Nani?

Jamani, huyu mtu anayebandika ile namba 3 kwenye maganda ya gemu, ameoa? Ana watoto? Ana shemeji anayelala sebuleni? Nauliza kwa nia njema. Mimi ni mpenzi wa gemu tangu enzi za vibanda vya kulipia kwa sarafu. Mchana natafuta riziki, jioni nikibahatika kuikuta tivii haina tamthilia nacheza na watu wangu. Na humu ndani hakuna kilicholeta kununiana kama gemu zenye namba 3.

Kwa asiyejua, zile namba za kwenye ganda, 3, 7, 12, 16 na 18, ni za mfumo wa Ulaya unaoitwa PEGI, ulioanza mwaka 2003. Wamarekani wana wao, ESRB, wa tangu 1994, wao wanatumia herufi. Kazi yao ni kuangalia damu, matusi, uchi, kamari na vitisho. Ugumu wa gemu hawaupimi, na wanasema wazi kwamba hawaupimi. Kuzila hawapimi. Gemu inaweza kumfanya mtu ahamie chumba cha watoto na godoro lake, bado ikaandikwa 3, maana damu haikutoka.

Basi nimeamua kupima mwenyewe. Kipimo changu ni kimoja tu: gemu ikiisha, nani bado anamsemesha nani?

Tuanze na Overcooked. Hii ilitoka mwaka 2016, imetengenezwa Uingereza na kampuni ya watu wawili, Ghost Town Games. Wawili! Nadhani walipoanza walikuwa wengi. Mnacheza hadi wanne, nyote wapishi, jiko moja. Oda zinaingia juu ya kioo, kila oda na muda wake. Mmoja akate vitunguu, mwingine achemshe supu, mwingine apakue na kupeleka dirishani, na sahani chafu zikirudi lazima mtu azioshe. Rahisi, eh? Sasa jiko lenyewe liko juu ya malori mawili yanayotembea. Yakiachana, wewe uko huku na kitunguu, sufuria iko kule. Jiko lingine liko kwenye meli, meli ikiyumba meza zinahama. Lingine liko juu ya barafu, ukiteleza unatumbukia majini na bamia zako. Na supu ikiachwa motoni kidogo tu, moto unashika, unatambaa meza hadi meza, na mtungi wa kuzimia moto ni mmoja, nao anao mtu asiyejua kwamba anao.

Kwenye jiko la kweli la nyumba hii mimi ni mgeni. Nikiingia naulizwa natafuta nini. Nikadhani gemu itanipa heshima. Dakika ya kwanza Mama Nasra akagawa kazi bila kuulizwa na mtu, mimi nikapewa vyombo.

"Baba Nasra, sahani!"

"Nakuja."

"Unakuja kutoka wapi? Si ziko hapo hapo ulipo!"

"Naziosha."

"Hujaziosha, umesimama. Bonyeza! Mtu mzima unasimama katikati ya jiko kama kawaida yako!"

Hiyo "kama kawaida yako" haikuwa ya gemu. Nasra, ambaye ana miaka tisa na ndiye pekee aliyekuwa anajua tunafanya nini, akasema, "Mama, mwache, mimi nitaosha." Hapo ndipo iliponiuma zaidi, kutetewa na mtoto. Shemeji yeye alikuwa amekata vitunguu vingi mno, amevipanga sakafuni, hakuna aliyemwagiza, na kila mmoja anavikanyaga.

Wakati huo tumepigizana kelele kiasi kwamba Baba Shadya wa jirani alibisha hodi kuuliza kama kuna msiba. Tunaokoa supu ya vitunguu ya kwenye tivii kwa nguvu zote, kumbe maharage ya kweli yako jikoni peke yake. Harufu ikaingia sebuleni. Shemeji akavuta pumzi, akatikisa kichwa kwa kustaajabu: "Gemu za siku hizi zimetengenezwa vizuri kweli."

Tulikula chipsi. Mama Nasra alisema neno moja tu usiku ule: "Sasa nimeelewa kwa nini kazini hawakupandishi cheo." Overcooked, namba 3. Kwangu mimi iwekwe kwenye kabati la juu pamoja na dawa ya panya.

Halafu kuna Mario Kart 8 Deluxe. Kaka yangu aliyeko Maskati alikuja likizo na Nintendo Switch, akawaachia watoto. Hii ni gemu ya mbio za magari ya mwaka 2017, imeuza zaidi ya nakala milioni 60, kwa hiyo msiniambie ni mimi peke yangu ninayeteseka. Pedi zake, hizo Joy-Con, unazichomoa pembeni mwa mashine, unampa kila mtu kipande chake. Nasema kipande kwa sababu ndicho. Kwa dole gumba langu lililozoea kufungua nati, kubonyeza kitufe kimoja bila kubonyeza cha jirani yake ni muujiza. Nikitaka kurusha ndizi ya kuwatelezesha wenzangu, napunguza mwendo. Nikitaka kupunguza mwendo, gemu inasimama na wote wananigeukia.

Lakini hilo tuliache. Nataka kuzungumzia haki. Kwenye Mario Kart ukiongoza, ukipita kwenye boksi la zawadi unapewa ndizi. Au sarafu. Wa mwisho kabisa, aliyekuwa anagonga kuta na kucheka, anapewa risasi kubwa inayomgeuza kombora, inajiendesha yenyewe na kumpitisha watu wote. Na kama haitoshi kuna gamba la bluu. Hili lipo tangu Mario Kart 64 ya mwaka 1996, na kazi yake ni kumtafuta anayeongoza. Linaruka juu, linamzunguka kichwani kidogo ili aone kinachokuja, linamlipua. Ipo honi ya kulilipua hilo gamba kabla halijatua. Honi hiyo naipata kila nikiwa wa nane. Yaani ni michango ya harusi ya ukoo: akionekana mtu mmoja kanunua hata pikipiki, bahasha zote zinamwelekea yeye.

Na Abuu? Abuu ana miaka minne. Gemu ina mpangilio wa kusaidia wadogo: usukani unajirekebisha wenyewe gari lisidondoke barabarani, na ukitaka hata mafuta yanajikanyaga yenyewe. Mtoto anaangalia mjusi ukutani, anakula andazi, gari linakata kona. Amemaliza wa tatu. Mimi niliyekaza mkanda, niliyeinama na mwili kila kona hadi kiuno kikagoma, nimemaliza wa tisa. Nasra ndiye aliyegundua kwamba gari lenye msaada linakuwa na kijiantena kwa nyuma. Akakagua kioo, akasema mbele ya watu wote, "Mbona na gari la baba lina antena?"

Mashine ilikuja hivyo hivyo kutoka Maskati. Ndivyo nilivyowajibu, na ndivyo nitakavyoendelea kujibu.

Kipimo: watoto wanasemeshana, Abuu anatamba mtaa mzima, mimi na Nasra tulikaa kimya hadi chai ya asubuhi. Siyo mbaya.

Gemu ya mpira sitakaa nayo sana, kila nyumba inaijua. Tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, mtaani bado ni FIFA na itabaki FIFA. Nayo ina namba 3. Nchi hii watu wamevunja urafiki wa shule ya msingi kwa gemu hiyo, namba 3! Simba na Yanga hazimo, na nashukuru, maana mama mkwe ni Yanga damu na mimi mnajua. Tatizo langu ni shemeji. Kwanza Real Madrid ni yake, ukiigusa anasema pedi yake ina tatizo. Pili, nikibaki mimi na kipa, gemu inasimama. "Samahani shem, nilikuwa nakohoa." Nikirudi nimeshasahau nilikuwa nataka kupiga kona ipi. Yeye akifunga, marudio ya goli anayaacha yote, mbele, nyuma, kutoka juu, anageuka kuniangalia kama nayaona. Anakula kwangu, analala kwangu, umeme ni wangu.

Sasa It Takes Two. Hii nilisoma sifa zake nikajua nimepata dawa. Imetoka Sweden mwaka 2021, studio ya Hazelight, mkuu wake Josef Fares, mzaliwa wa Beirut aliyekuwa mtengeneza filamu kabla hajaingia kwenye gemu. Mwaka huo huo ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Haichezwi na mmoja, hata ufanyeje. Lazima wawili, kioo kimegawanywa. Nikasema hii ndiyo ya mimi na mke wangu, watoto walale, tucheze taratibu kama watu.

Hadithi yake: Cody na May ni mke na mume wanaotaka kuachana. Binti yao, Rose, analia juu ya vinyago viwili, wazazi wanageuka kuwa hivyo vinyago. Kisha linatokea li-kitabu lenye macho na masharubu, Dakta Hakim, linawalazimisha washirikiane.

Mama Nasra akaweka pedi mapajani. "Kwa nini umeniletea gemu ya watu wanaoachana?"

"Wanajifunza kupatana, mama."

"Kwa hiyo sisi hatujapatana?"

"Tumepatana. Ni gemu tu."

"Duka zima, ukaiona hii."

Tukaanza hivyo hivyo. Kwenye banda la vyombo, May anapewa nyundo, Cody anapewa misumari. Cody arushe msumari ukutani, May auning'inie kwa nyundo. Mke wangu alifurahi ajabu. Alikuwa ananiagiza pa kurusha, nakosa, ananiagiza tena, kama siku tunatundika pazia. Mama mkwe, ambaye alitakiwa awe amelala, alikuwa mlangoni na khanga yake anaangalia kile kitabu kinavyokatika viuno. "Huyo ndiye somo wao?" akauliza. "Somo gani ana masharubu?"

Tulikwenda vizuri mpaka kwa tembo. Walioicheza wanajua. Kuna tembo mdogo wa kuchezea, malkia, mpole, anawapokea kwa furaha. Wale wazazi wameamini kwamba machozi ya binti yao ndiyo yatawarudisha kuwa watu, kwa hiyo wanaamua kuharibu kitu anachokipenda. Mnamburuta tembo. Anasihi, anaomba. Na siyo kwamba unatazama, unabonyeza wewe, kwa mkono wako. Njia ya kumruka hakuna.

Mama Nasra alisimama. "Mimi mkono wangu hautakuwemo."

"Lakini bila hivyo haiendelei."

"Isiendelee. Na wewe ulikuwa tayari kubonyeza? Nimekuona."

Hapo ndipo ilipokwama, na tembo yuko salama hadi leo. PEGI wameipa 12. Walifanya kazi, lakini wangeongeza na maelezo madogo chini, kwamba mume asikutwe na kidole kwenye kitufe.

Kwa hiyo nimebaki na nini? Nimebaki na Tekken 7. Ya mwaka 2017, gemu ya ngumi na mateke ya uso, PEGI 16. Watoto hawaigusi, naitoa wakishalala, na sikuwahi kuihesabu kama ya familia. Mpaka mama mkwe alipokosa usingizi, akaja kukaa kwenye kochi, akanyoosha mkono akaomba pedi. Umri wa kwenye ganda ameupita mara nne, sikuwa na hoja ya kumkatalia.

Akamchagua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, kwa sababu "huyu kijana hapigani, anacheza ngoma." Wanaoijua gemu hii wameshatabasamu. Eddy ni wa kubonyeza mateke mawili, eksi na duara, ovyo ovyo, anakwenda chini kwa mikono, anapindua miguu, hukanyagi, hupumui. Na mimi upande wangu nina mzigo mwingine: nampigaje teke mama mkwe? Hata kwenye tivii. Raundi ya kwanza nilizuia tu, nikisema "shikamoo mama" kila nikisogea. Raundi ya pili nilijaribu kwa kweli, nikaanguka vile vile. Mama Nasra akatoka chumbani kwa vicheko, akakaa. Tukazungumza, tukacheka, mtu akaenda kuchemsha chai. Humu ndani sijapata kuona amani kama hiyo kwenye gemu ya namba 3.

Shemeji akaamka kwenye godoro lake, akasema mama anabahatisha, nipisheni. Real Madrid haikuwemo, kwa hiyo akamchukua mpiganaji anayeitwa Jin. Alipigwa tatu bila. Katikati ya raundi ya mwisho akajaribu kusimamisha gemu, akaanza kukohoa.

Mama yake hakutoa macho kwenye kioo. "Endelea kukohoa tu," akamwambia, "mimi nasubiri. Na ukimaliza hapa utuambie kazi unaanza kutafuta lini."