Mgonjwa Aliyeondoka Kabla ya Amina

Kwa kuwa mwenzangu wa kamati ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wagonjwa na wahitaji, ameshatangaza katika kundi la jumuiya kwamba nimeombea godoro hadi likapona, na kwa kuwa tangu asubuhi ninapokea pole za watu ambao hata ibadani huwa siwaoni, nimeona nieleze mwenyewe yaliyotokea jana katika wodi ya wanaume, hapa Moshi. Godoro halikupona. Lilikuwa zima tangu mwanzo.

Sisi tunaotembelea wagonjwa, mwinjilisti alitufunda vizuri: usikae juu ya kitanda cha mgonjwa, usimhoji ugonjwa wake mbele za watu, usimwahidi uponyaji, na sala iwe fupi, kwa maana mgonjwa huchoka kabla ya mwombaji. Aliyeshonwa usimwekee mikono; shika chuma cha kitanda, inatosha. Yote niliyazingatia, isipokuwa lile la ufupi. (Mnaonifahamu, nawaomba msicheke mapema.)

Mzee wetu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo, na mtori tuliompelekea ulizuiwa na nesi, aliyesema kwamba mgonjwa hali kitu mpaka hewa itoke, ndipo ijulikane kuwa utumbo umeanza kufanya kazi. Nikasoma Marko 2, habari za mwenye kupooza aliyeambiwa na Yesu ainuke na kujitwika godoro lake, nikashika chuma, nikafumba macho.

Nilianza na shukrani. Nikawapitia madaktari, wauguzi, wapishi na walinzi wa getini, kisha nikawaombea hata madereva waliotuleta. Nilipofika "Mwinue, Bwana, kutoka kitanda hiki," kitanda kikalia kwii, chuma kikatikisika mikononi mwangu, mwili ukanisisimka, nami nikapandisha sauti. Nikasikia kandambili zikiburuzwa polepole na magurudumu yakilalamika kuelekea mlangoni. Nikadhani ni kigari cha chakula. "Mwinue sasa hivi, ajitwike godoro lake, aende!" Wodi ikanyamaza. Mtu akakohoa. Mwenzangu akanivuta sketi, nami, nikiamini kwamba naye ameguswa, nikaupapasa mkono wake kumtia moyo nikaendelea. Hatimaye nikatamka Amina, nikafumbua macho, na mbele yangu palikuwa na shuka lililosukumwa kando, mto wenye bonde la kichwa, na hapakuwa na mzee.

Ndugu wafuatiliaji, sitawaficha: nilipiga haleluya, nikaifuatisha na vigelegele. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanitazama kwa huruma ileile ambayo mimi ndiye niliyetumwa kuwapelekea.

Ndipo mzee akatokea mlangoni, mkono mmoja ukisukuma chuma cha dripu na mwingine ukishikilia tumbo. Akanitazama, akalitazama godoro, akasema, "Mwanangu, bado uko palepale? Nilikuaga, nikaona uko mbali, na choo hakisubiri." Akamgeukia nesi na kuongeza, kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, "Hewa imetoka."

Nesi akacheka hadi akaegemea ukuta, mtori ukamiminwa, tukaondoka. Mwenyekiti wa kamati ameshanihamishia kwenye kubeba chupa za mtori. Mzee mwenyewe, naambiwa, amenitetea: ameomba nirudi kumwombea, ila niwe nakohoa kidogo kabla ya kufumba macho, ili apate nafasi ya kuvaa kandambili.